Kabla Hujafunga Gunia, Iulize Karatasi

Mvua za Oktoba hadi Desemba zikijalia, Februari huwakuta wakulima wa Kithimani uani, wakipukuchua. Na swali la Februari ni lile lile miaka nenda miaka rudi: mahindi haya yamekauka ya kuwekwa, au bado? Kuna anayeing'ata punje, ikikatika kwa mlio anaridhika. Kuna anayetumbukiza mkono hadi kiwiko ndani ya gunia kutafuta ubaridi au joto. Kuna anayeteka kiganja, akarusha punje kwenye sinia na kusikiliza zinavyolia. Sizidharau mbinu hizi, zimelisha vizazi. Lakini jino la binadamu haliwezi kutofautisha mahindi yenye maji asilimia 13 na yenye asilimia 16, na hapa Ukambani tofauti ya namba hizo mbili imewahi kuzika watu.

Makala haya yanahusu karatasi inayobadilika rangi kwa unyevu: jinsi ya kuitumia, ya kuisoma, ya kuijaribu ili ujue haikudanganyi, na zaidi ya yote, mahali ambapo ushahidi wake unaishia. Nimeona watu wakiishika kadi hiyo kana kwamba ni hirizi. Si hirizi.

Kwanza kisa chenyewe, maana bila hicho kadi itaonekana kama mchezo wa watoto wa shule. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, watu 20 walilazwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyovimba. Kumi na wawili wakafariki. Walikuwa wamekula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu wa Aspergillus flavus. Mwaka 2004 janga likarudi kwa nguvu zaidi: hadi Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 kati yao wamefariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, ingawa Machakos na Thika hazikusalimika. Mahindi yaliyonunuliwa masokoni katika wilaya hizo nne yalipopimwa, zaidi ya nusu yalikuwa yamepita kiwango halali cha wakati ule, yaani sehemu 20 za sumu katika kila sehemu bilioni. Leo kiwango chetu ni 10.

Ukiuliza ilikuwaje, jibu halina uchawi. Mwaka 2004 mvua ilinyesha Februari, nje ya msimu wake, mavuno yakiwa yanaingia. Chakula kilikuwa adimu na wezi wengi, kwa hiyo watu waliyaingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba za kulala, wakayarundika sakafuni na kuyafunga. Watafiti waliolinganisha familia zilizougua na zilizonusurika walikuta kwamba kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ni miongoni mwa mambo yaliyozitenganisha. Hakuna aliyeweka sumu kwa makusudi. Waliweka maji, sumu ikajitengeneza.

Sasa karatasi. Ile inayotajwa sana kwa wakulima inaitwa DryCard. Ilibuniwa na James Thompson na Michael Reid wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na Machi 2017 ilipata tuzo hapa Nairobi kwenye kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu upotevu wa mazao baada ya mavuno. Ni kadi ya ukubwa wa kitambulisho, imefunikwa kwa plastiki, na imeachiwa dirisha dogo linaloonyesha ukanda wa karatasi. Ukanda huo umelowekwa kwenye chumvi ya madini iitwayo kobalti kloridi kisha ukakaushwa. Pembeni kuna ngazi ya rangi, kutoka buluu kupitia zambarau hadi waridi, na kila rangi ina namba yake.

Kinachotokea mle ndani ni hiki. Kobalti ikiwa kavu huzungukwa na klorini, na hali hiyo huonekana kwa jicho kama buluu. Mvuke wa maji ukipenya, chembe za maji huzisukuma klorini na kukaa karibu na kobalti badala yake. Rangi ikageuka waridi. Hewa ikikauka, maji yanatoka, buluu inarudi. Hakuna betri, hakuna kioo cha namba, na hakuna fundi wa kuitwa.

Karatasi yenyewe ni polima, yaani mnyororo mrefu wa chembe ndogo zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Selulosi ya karatasi ni mnyororo wa glukosi. Wanga wa punje ya mahindi nao ni mnyororo wa glukosi, umefungwa tu kwa namna tofauti. Zote mbili hunywa mvuke hewa ikiwa na unyevu na kuutoa hewa ikikauka. Ndiyo maana ukizifungia chupa moja, karatasi inaweza kutoa ushahidi juu ya punje: punje huipa hewa ya chupa kiasi cha unyevu kinacholingana na maji iliyonayo, na karatasi husoma hewa ile. Mahindi yenye maji asilimia 13.5, ambacho ndicho kikomo cha kuhifadhi kinachotambuliwa nchini, huifanya hewa iliyofungiwa nayo itulie kwenye unyevu wa asilimia 65 hivi, joto likiwa la kawaida. Yenye asilimia 15 huipeleka kwenye 75. Kuvu wetu mbaya anahitaji takriban asilimia 80 ili astawi na kutoa sumu. Kwa hiyo 65 imewekwa mbali na hatari kwa makusudi. Ndani ya gunia huwa kuna kona zenye maji kuliko nyingine.

Polima zinazobadilika rangi hazikuanza na kadi ya mahindi, na pengine unazo nyumbani bila kujua. Ule mstari wa manjano kwenye nepi za kutupa, unaogeuka buluu au kijani mtoto akikojoa, ni gundi ya polima iliyochanganywa na rangi inayoitikia mkojo. Zipo nyingine za maabara zisizotumia rangi ya kuchanganya hata kidogo: ni tabaka nyembamba za polima zinazovimba zikinywa mvuke, nafasi kati ya tabaka ikaongezeka, na mwanga unaorudi ukabadilika rangi. Kuna mbawakawa wa Amerika ya Kusini aitwaye Hercules ambaye gamba lake lina ufundi unaokaribiana na huo. Hewa ikiwa kavu ni kijani chenye manjano, ikijaa unyevu anakuwa mweusi. Hayo tuwaachie wenye maabara. Yenye manufaa Kithimani leo ni ile ya kobalti, kwa sababu ipo, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mashine ya kupima unyevu, na inatumika tena na tena.

Basi tuingie kwenye kazi. Unahitaji kadi na chombo kinachofunga kabisa, hewa isipite. Chupa ya kioo iliyokuwa na jemu inafaa kuliko kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, kwa sababu unaona ndani na kifuniko chake huzungushwa. Ioshe, ikaushe kwa siku nzima. Chupa yenye matone ukutani itayahukumu mahindi mazuri.

Usichukue mahindi ya kupima moja kwa moja kutoka kwenye turubai yakiwa na joto la jua. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Punje iliyotoka juani imekauka ganda, lakini moyo wake bado una maji. Ukiipima saa ile ile karatasi itasoma ganda na kukupa buluu ya uongo. Yaache mahindi yalale ndani ya gunia usiku mmoja, mahali pakavu, maji ya moyoni yapate muda wa kusogea hadi nje. Asubuhi, kama una bambo, choma gunia juu, katikati na karibu na chini. Kama huna, mwaga kiasi na uchote sehemu mbalimbali. Changanya. Ujaze chupa hadi theluthi mbili, usimamishe kadi ukutani dirisha lake likitazama nje, ufunge, uiweke kivulini.

Kisha subiri. Nasisitiza hilo kwa sababu subira ndiyo inayokosekana, hasa lori la mnunuzi likiwa linanguruma barabarani. Ipe chupa saa nzima angalau. Ukiiacha tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana ni bora zaidi. Dakika za kwanza rangi unayoiona ni ya hewa uliyoifungia, si ya mahindi. Halafu utaona ukanda unaanza kubadilika taratibu: buluu iliyokolea inafifia, kijivu kinajitokeza, kikafuata kitu kama zambarau iliyopauka, na kama mahindi ni mabichi kweli, waridi itaanzia ukingoni ambako mvuke huingia kwanza, kisha itajaza dirisha lote. Isome kwenye mwanga wa mchana, kivulini. Taa ya manjano huipotosha waridi, na jua kali huipasha kadi moto ikaonyesha ukavu usiokuwepo. Na kama macho yako yana shida ya kutenganisha rangi, hali ambayo ni ya kawaida zaidi kwa wanaume, mwite binti yako asome. Si aibu.

Ukanda ukisimama kwenye mpaka, katikati ya buluu na waridi, hesabu kwamba mahindi ni mabichi. Usijadiliane na karatasi. Yarudishe juani siku moja zaidi, kisha upime tena.

Vipi kuhusu mbinu ya chumvi, ambayo maafisa wa kilimo wameifundisha kwa miaka mingi? Unakausha chumvi juani, unatia vijiko vichache kwenye chupa kavu pamoja na mahindi, unatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi. Ni mbinu nzuri na haina gharama. Ila ina kikomo chake. Chumvi ya mezani huanza kulowa unyevu wa hewa ukifika asilimia 75, na hiyo, kama tulivyoona, ni mahindi ya maji asilimia 15. Maana yake mahindi ya asilimia 14 na nusu yatafaulu mtihani wa chumvi na bado hayafai kukaa ghalani hadi Agosti. Itumie chumvi kukataa. Usiitumie kukubali.

Tabia hiyo ya chumvi inakupa, hata hivyo, njia ya kuijaribu kadi yenyewe. Chukua kizibo cha soda, tia chumvi, ongeza matone machache ya maji hadi iwe mithili ya uji mzito, wala isiwe maji matupu. Kiweke ndani ya chupa pamoja na kadi, kadi isiguse chumvi. Funga, ngoja saa kadhaa. Hewa mle ndani lazima itulie kwenye 75 hivi, kwa hiyo ukanda unatakiwa uwe umeingia upande wa waridi. Ukibaki buluu, kadi imekufa: pengine iliwahi kulowa maji na chumvi yake ya kobalti ikaoshwa. Itupe. Fanya hivyo mwanzoni mwa kila msimu, na kila unapoazima kadi ya mtu.

Kobalti kloridi ni sumu, na Ulaya imeorodheshwa tangu 2008 miongoni mwa kemikali za kuangaliwa kwa makini kwa sababu inahusishwa na saratani. Kiasi kilichomo kwenye ukanda ni kidogo na kimefunikwa, kwa hiyo kuishika kadi hakuna neno. Lakini usiikate, usiitie ndani ya gunia la chakula ukaisahau, na usiwape watoto kuchezea. Baada ya kupima, itoe kabla ya kumwaga mahindi, na mahindi yaliyokuwa chupani yape kazi ya mbegu kama unaona wasiwasi.

Uzuri mmoja wa kadi unaozidi mashine ni kwamba haijali zao gani. Mashine ya umeme inataka uiambie unapima mahindi, ndengu au kunde, maana kila zao lina namba yake: mahindi 13.5, njugu karanga zilizomenywa 7 tu, kwa kuwa zina mafuta mengi. Kadi haisomi maji yaliyo ndani ya punje. Inasoma hewa, na kuvu naye anaishi kwa kutegemea hewa ile ile. Kwa hiyo 65 ni 65, iwe ni mbaazi, ndengu, mtama, vipande vya maembe vilivyokaushwa au mboga ya kunde ya kiangazi. Ukitaka kuweka mbegu ya msimu ujao, kausha zaidi ya hapo, hadi ukanda uwe na buluu isiyo na shaka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi. Watu wa mfereji wa Yatta, ule uliochimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa vita vya Mau Mau na unaoleta maji ya mto Thika hadi huku, hawafungwi na msimu wa mvua. Wanapanda mahindi wakati wowote, na sehemu yake isiyouzwa mabichi huishia kukauka Juni na Julai, miezi ya baridi na mawingu, jua likichungulia saa saba na kutoweka saa tisa. Mahindi ya Februari huwa yanakaushwa na Mungu. Ya Julai yanahitaji mtu. Utayaona yametandazwa kando ya barabara ya Garissa, unene wa shubiri nzima, jioni yanafunikwa yakiwa bado na unyevu wa alasiri, na wiki inapoisha yanafungwa kwa sababu wiki imeisha. Kalenda haikaushi. Kama wewe ni mkulima wa mfereji, kadi ni yako kuliko ya mtu mwingine yeyote. Tandaza juu ya turubai, kamwe usitandaze udongoni ambako kuvu huishi. Unene usizidi upana wa vidole vitatu. Geuza kila baada ya saa moja au mbili. Yakusanye saa kumi kabla hewa haijaanza kurudisha unyevu. Mawingu yakikaa siku nyingi mfululizo, peleka kwenye mashine za kukausha za Bodi ya Nafaka au za mtu binafsi, hata kama zinakula faida.

Na faida hiyo tuizungumze kwa uwazi. Gunia la kilo 90 lenye maji asilimia 18, likikaushwa hadi 13.5, hubaki kilo 85 na ushee. Karibu kilo tano zimepaa angani. Mkulima anayeuza kwa uzani siku hiyo hiyo anajua kwamba anauza maji kwa bei ya mahindi, na broka anajua kwamba anayanunua. Ndipo mazungumzo ya sokoni yanapokuwa haya:

"Mama, haya bado. Nitakupa kidogo."

"Yamekauka, mwanangu. Ng'ata uone."

Anang'ata, anatikisa kichwa, anapunguza bei kwa kukadiria. Kesho yake anachanganya mahindi yale na ya mtu mwingine yaliyokauka vizuri, na yote yanakwenda pamoja. Mwenye chupa na kadi ana la kusema hapo. "Tuifunge, tungoje saa moja, tuangalie pamoja." Broka mwaminifu atangoja, kwa sababu naye ana msagaji wa Thika au Nairobi atakayeyapima. Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga kwa sababu ya aflatoksini, na Januari iliyofuata nyingine 17. Tangu hapo wasagaji wakubwa hawachukui mzigo kwa macho. Broka asiyetaka kungoja amekuambia jambo ambalo kadi isingekuambia.

Ukishapata buluu, funga haraka. Mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS, ni mizuri mno dhidi ya fukusi na dumuzi kwa sababu wadudu hukosa pumzi ndani yake. Lakini mifuko hiyo ndiyo inayohitaji kadi kuliko gunia la kawaida: haipitishi hewa, kwa hiyo maji uliyoyafungia hayana pa kwenda. Nimesikia watu wakiilaani mifuko kwamba "inaozesha". Mfuko hauozeshi, unakutunzia ulichokiweka, na uliweka unyevu. Magunia ya kawaida yapandishe juu ya mbao, yasiguse ukuta wala sakafu, na pima mara moja kwa mwezi, hasa mvua za Machi hadi Mei zikianza. Mfuko usiopitisha hewa usiufungue ili kupima. Ukiufungua umewapa wadudu pumzi upya.

Sasa nifike pale nilipoahidi, mahali ambapo ushahidi wa kadi unaishia.

Kwenye kichupa cha chanjo ya polio, kile ambacho muuguzi hukitazama kabla ya kumtonesha mtoto matone, kuna duara lenye mraba ndani yake. Imekuwa hivyo tangu 1996. Mraba ule nao hutegemea polima inayobadilika rangi, ila hii hubadilika kwa joto, na haibadiliki nyuma. Kichupa kikikaa juani asubuhi moja huko Garissa kisha kikarudishwa kwenye barafu, mraba unabaki umeiva. Hukumbuka kila joto lililowahi kuupata. Kadi ya unyevu ni kinyume chake. Inasahau. Mahindi yaliyokaa wiki mbili yamelowa, yakafuka moshi ndani ya rundo, yakaota kuvu wa kijani, kisha yakaanikwa vizuri juani, yataipa kadi buluu safi. Na sumu itakuwemo yote. Kukausha kunamzuia kuvu asitengeneze sumu zaidi. Hakuiondoi iliyokwisha kutengenezwa. Kuchemsha hakuiondoi, kwa kuwa moto wa jikoni haufikii joto la kuivunja. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi kunapunguza, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu huwa kwenye ganda na kiini, na hiyo ni busara ya Wakamba iliyothibitishwa kwa vipimo. Lakini kupunguza si kumaliza.

Kwa hiyo tarehe ya kupima ina uzito kuliko rangi yenyewe. Buluu iliyopatikana ndani ya wiki ya mavuno, kwa mahindi uliyoyaona tangu shambani, ni ushahidi. Buluu ya mahindi ya kununuliwa, usiyojua yalilala wapi, inakuambia tu kwamba yatahifadhika. Haikuambii kama yanalika. Hayo yanahitaji kipimo cha sumu, cha maabara au cha vijiti vinavyotumiwa na wasagaji. Chambua kwa macho pia: punje zilizooza, zilizopasuka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, zitoe. Na usiwape ng'ombe ulichokiogopa wewe. Ng'ombe anayekula aflatoksini huitoa kwenye maziwa, na maziwa hayo yanarudi kwenye kikombe cha mtoto wako. Kuku nao si jalala: sumu hii ilijulikana kwa wanasayansi baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa chakula cha karanga zilizoota kuvu.

Kinga nyingine huanza shambani, kabla karatasi haijapata kazi. Taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, pale Katumani, mwendo mfupi kutoka mji wa Machakos, ina kiwanda cha Aflasafe, dawa iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015 ambayo si kemikali bali ni kuvu wenzake Aspergillus wasiotoa sumu. Hunyunyizwa shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajachanua, na wale wapole huwanyima wale wabaya nafasi. Muulize afisa wa kilimo wa wadi yako. Aflasafe haiondoi haja ya kukausha, na kukausha hakuondoi haja ya Aflasafe. Mwenye vyote viwili analala vizuri zaidi.

Mwisho ni suala la nani ainunue kadi. Kaya moja yenye magunia sita haina sababu ya kuwa na yake. Vyama vya akina mama tayari vinanunua turubai na mahema kwa pamoja; kadi mbili na chupa mbili ziingizwe kwenye orodha hiyo, kadi moja ya kuazimana, nyingine ya kuhakikisha ya kwanza, zote zikae kwa mweka hazina ndani ya bahasha kavu. Nunueni kabla ya Januari kuisha, mzijaribu kwa chumvi siku ya mkutano wa kwanza, na atakayeazima asiondoke na kadi bila chupa yake.